Sifa ya Fundi Anayekataa Rimu

Mtu akitaka kumsifia fundi wa rimu, kwa kawaida husifia mkono wake: jinsi nyundo inavyorudisha ukingo uliobonyea, jinsi gurudumu lililokuwa likiyumba linavyozunguka tena limetulia. Ni sifa halali, ila imeanzia mwishoni. Ufundi mkubwa wa kazi hii hufanyika kabla nyundo haijashikwa, pale fundi anapoamua kama rimu iliyo mbele yake inastahili kurudi barabarani. Gurudumu la gari dogo huzunguka takriban mara 500 katika kila kilomita. Safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita 190 hivi, ni karibu mizunguko laki moja, na kila mzunguko huipinda rimu kidogo, kiasi kisichoonekana kwa macho, kisha huiachia. Rimu yenye ufa haingoji shimo kubwa ndipo ivunjike; mizunguko hiyo inaitosha.

Fundi mjuzi huanza kwa kutazama rimu imetengenezwa kwa nini. Ya chuma ni mvumilivu: ukingo ukibonyea hunyooshwa bila moto, na kama haina ufa inarudi kazini. Ya alumini, ile wateja wanayoiita ya spoti, ina tabia nyingine. Nyingi hupewa nguvu kiwandani kwa kupashwa joto la nyuzi zaidi ya 500 za Selsiasi, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa joto la chini kwa saa kadhaa. Ukiielekezea moto wa gesi bila kipimo unaifuta kazi yote hiyo, na yenyewe haitakuonya, kwa kuwa alumini haiwi nyekundu kama chuma kabla ya kuyeyuka. Itatoka imenyooka na kung'aa, huku ikiwa dhaifu kuliko ilivyoingia. (Methali yetu ya kuziba ufa, kwa rimu, inapotosha: ufa kwenye mikono yake au kuzunguka matundu ya nati hauzibwi.) Kwa hiyo tairi huvuliwa, rimu ikaoshwa, rangi ikakwanguliwa panapotiliwa shaka, ikapakwa dawa ya rangi inayopenya, ikafutwa, na unga mweupe ukapuliziwa juu yake hadi ufa ujichore wenyewe. Pasipo dawa hiyo, mwanga mzuri na subira hufanya sehemu ya kazi, ingawa si yote.

Kuvua tairi kuna sababu nyingine, nayo huua. Kuchomelea rimu ikiwa na tairi, hata lililotolewa upepo, huunguza mpira kwa ndani, gesi zake zikajaa na tairi likalipuka. Kurudisha tairi nako kuna hatari yake: kwenye malori kuna rimu za vipande zenye ringi ya kufungia. Ringi isipokaa sawasawa, upepo huirusha kwa nguvu ya kumtoa mtu uhai. Marekani ilitoa mwaka 1980 kanuni iliyotaka magurudumu ya aina hiyo yajazwe upepo ndani ya kizimba cha chuma, na fundi asisimame mbele ya ringi. Kizimba si mabomba yoyote yaliyochomelewa: lazima kiweze kuhimili nguvu ya ringi inayoruka.

Kuna watakaosema rimu zilizochomelewa zinatembea miaka na miaka. Zipo, ndiyo. Lakini zilizovunjika kwenye mteremko hazirudi gereji kutoa ushahidi, kwa hiyo fundi huhesabu zilizopona tu. Hoja ya bei ni nzito zaidi, kwani rimu mpya humla mwenye bajaji au teksi mapato ya siku nyingi. Hata hivyo, chaguo halikomei kwenye mpya na iliyozibwa: rimu ya chuma iliyotumika, isiyo na ufa, yenye kipenyo, upana na matundu yanayolingana na ya gari, haina urembo lakini inabeba mzigo. Kasoro ya kweli iko kwenye malipo. Mteja hulipia moto na nyundo, halipii nusu saa ya ukaguzi, na hivyo tunamfundisha fundi kwamba kukataa ni kulala njaa. Ukaguzi uwe na bei yake, rimu ipite au isipite. Na iliyokataliwa, mwenyewe akikubali, ikatwe vipande palepale na kuuzwa kama chakavu, maana ikitoka nzima itapigwa rangi na kurudi sokoni kabla ya wiki kwisha.