Mshata wa Barabara ya Ulowa

Shemeji yangu anaendesha Fuso. Msimu wa tumbaku hubeba marobota kutoka Ulowa, huko Ushetu, hadi maghala ya Kahama, na kwenye kioo cha mbele amebandika kamera ndogo inayoanza kurekodi yenyewe swichi ikiwashwa. Anataka kununua nyingine, akanipa memori kadi nimtazamie kama hii ya sasa "inashika vizuri". Nilikaa nayo jioni nzima, nikajikuta naisoma kama diwani.

Kwanza, haina paukwa. Mpiga picha wa harusi humsubiri bibi harusi ashuke garini ndipo abonyeze, na kule kubonyeza ndiko kutuambia hadithi imeanza. Hapa picha inaanza kwa sababu umeme umefika, basi: ukuta wa udongo, kuku wawili, mlango unabamizwa mahali tusipopaona. Kwenye kona tarehe inasema 1 Januari 2018, maana saa ya ndani ilishakufa na kila safari inarudi siku ileile ya kiwandani. Kwa shemeji, tumbaku yote husafirishwa Mwaka Mpya.

Safari imekatwa vipande vya dakika 3. Mwishoni mwa kipande cha saba vumbi linajaa kioo, gari linapunguza mwendo, na sauti ya shemeji inasema, "Ngoja kwanza hawa ng'o..." Kimekwisha. Cha nane kinafunguka: "...mbe wapite, we!" Nilikirudia mara nne. Washairi wana jina la mstari usiojitosheleza, ambao maana yake humwagikia mstari unaofuata: mshata. Mshairi huukata kwa makusudi. Hapa aliyekata ni saa. Lakini athari ipo palepale. Ng'ombe wanatoka kwenye kipande kimoja wakiwa vumbi, wanaingia kingine wakiwa pembe.

Abbas Kiarostami alitengeneza filamu ya *Ten* mwaka 2002 kwa kamera 2 ndogo za dijitali zilizofungwa juu ya dashibodi, gari likizunguka Tehran. Yeye alizielekeza kwa watu waliokaa ndani, tukasoma nyuso. Kamera ya shemeji imeipa kabini mgongo. Dereva amebaki sauti tupu, msimulizi asiye na uso, anayekohoa na kuimba nusu nusu, na barabara ndiyo mhusika.

Kuna pia mhariri. Kwa kasi ya megabiti 15 kwa sekunde, kadi ya gigabaiti 32 hujaa baada ya saa 4 na nusu hivi, kisha kamera inafuta cha zamani kuandika kipya. Kinachookoka ni kile kilichotikisika: ndani mna kihisi ambacho gari likipata kishindo hufunga kipande kisifutwe. Nilifungua vilivyofungwa nikitarajia ajali. Karibu vyote ni mashimo. Mhariri huyu anaamini mashimo ndiyo matukio makuu ya Ushetu, na kwa barabara ile sidhani kama amekosea sana. Tatizo ni kwamba anajaza kadi kwa mashimo hadi safari inakosa nafasi, kwa hiyo nilimwambia shemeji apunguze ukali wa kihisi.

Lakini jambo lililonishughulisha zaidi ni kituo, yaani mwisho. Faili za MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa zake mwishoni, kipande kinapofungwa. Umeme ukikatika ghafla kabla ya hapo, picha zimo lakini faili haifunguki. Na umeme hukatika ghafla lini, kama si gari linapogonga? Faili za TS zimejengwa kwa vipakiti vya baiti 188. Ukikata popote, kilichotangulia kinasomeka. Hilo ni shairi la msuko, lenye mstari wa mwisho mfupi kuliko mingine, na bado ni shairi kamili. Kamera yenye kapasita nayo hupata sekunde chache za kufunga faili, tena huvumilia jua la kiooni kuliko betri inayovimba. Dukani Kahama swali la kila mtu ni kama inawaka yenyewe. Mimi nilimtuma shemeji akaulize inakufaje.

Mahakama pia husoma umbo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinataka uzito wa ushahidi wa namna hii upimwe pamoja na jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa. Mbele ya hakimu, ule Mwaka Mpya wa kila siku si kichekesho tena.

Kipande cha mwisho kwenye kadi kina sekunde 41. Ukuta wa ghala unasogea hadi unajaza kioo. Breki inapumua. Mtu anagonga bodi mara mbili kwa kiganja, na shemeji anaanza, "Haya, shu..."