Ohio kwa Hatua za Miguu

Bendi ya Chuo Kikuu cha Ohio State, mjini Columbus, Marekani, huandika jina la jimbo lake uwanjani kwa miguu. Wapigaji huanza wakiwa wamejipanga katika umbo la herufi O, kisha kiongozi mwenye fimbo anachomoka, na wengine wanamfuata mmoja mmoja kama uzi unaofumuliwa, tarumbeta zikiwa midomoni. Mwandiko ni wa kuunganisha herufi, kwa hiyo mstari hujikata wenyewe. Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Kwenye makutano hakuna anayesimama kupisha: huyu anapenya kati ya wawili, mwenzake anapita nyuma yake, na muziki haukatiki. Hatua ikizidi kidogo tu, pengo linaziba.

Bendi ilianza mwaka 1878 ikiwa kikundi cha filimbi na ngoma cha mafunzo ya kijeshi. Mwaka 1934 mkurugenzi wake, Eugene Weigel, aliondoa klarineti na ala nyingine za mbao, zikabaki shaba na ngoma. Uamuzi mzuri, kwa maoni yangu, maana uwanja ule ni mkubwa na shaba inafika mbali. Neno Ohio liliandikwa mara ya kwanza tarehe 10 Oktoba 1936, bendi ikipiga muziki wa gwaride wa Mfaransa Robert Planquette.

Siku ile nukta ya herufi i ilikuwa mpiga tarumbeta. Baadaye Weigel alimpa nafasi hiyo Glen Johnson, mpiga susafoni, ala kubwa ya besi inayouzunguka mwili na mdomo wake kukaa juu ya kichwa. Mwaka 1938 kiongozi alifika mapema kwenye nukta, muziki ukiwa bado haujaisha. Johnson akarusha mguu juu, akageuka, akainama mpaka chini, ili kujaza muda uliobaki. Hadi leo nukta huwekwa hivyohivyo.

Heshima hiyo hupewa mpiga susafoni wa mwaka wa nne au wa tano katika bendi. Wanawake walifunguliwa mlango wa bendi mwaka 1973. Na kuingia hakutoshi: msimu ukiendelea, wapigaji wa akiba wana haki ya kumpinga mwenye nafasi. Wawili hao husimama mbele ya wakaguzi, wakapiga, wakatembea. Hutazamwa paja kama limelala sawa na ardhi, vidole vya mguu kama vimeelekea chini, sauti kama haikutikisika mguu ulipogusa ardhi. Atakayeshinda ndiye atakayeingia uwanjani Jumamosi, siku ya mechi.