Aliyenyongwa au Aliyetundikwa? Uhakiki wa Fasiri ya Karata Moja

Muhula uliopita, katika somo letu la Nadharia za Uhakiki, tuliwaomba wanafunzi wa mwaka wa tatu walete darasani matini yoyote ya picha na kuifasiri kwa Kiswahili mbele ya wenzao. Wengi walileta matangazo ya simu na vibonzo vya magazeti. Mmoja alileta jozi ya karata za taroti, akatafuta mtu wa kumchotea.

Aliyejitolea alikuwa na swali ambalo halikuwa la mchezo. Je, akimaliza masomo asubiri nafasi ya kufundisha Kiswahili shuleni, au akubali kazi katika duka la mjomba wake? Mjomba ndiye aliyemlipia karo, na alitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Karata ikachotwa, namba 12. Mfasiri akaitazama kidogo, akasoma jina la Kiingereza lililoandikwa chini yake, The Hanged Man, akatamka: "Ndugu yangu, umepata Aliyenyongwa. Ualimu huo utakuua. Nenda dukani." Darasa likacheka. Muulizaji hakucheka.

Ieleweke kwamba hatukusudii kutetea upigaji ramli, wala kuupiga vita. Linalotuhusu hapa ni fasiri, na sisi tunaonelea kwamba fasiri ile ilikosea hata kabla haijafika kwenye ushauri. Ilikosea kwenye kitenzi.

Tuitazame picha yenyewe. Ni ile iliyochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, na kutolewa London mwaka 1909. Kijana ananing'inia kichwa chini, miguu juu, amefungwa mguu mmoja tu kwenye mti wenye umbo la herufi T. Mti huo una majani mabichi. Mguu wa pili ameukunja nyuma ya ule uliofungwa, kama mtu aliyekaa barazani akipumzika. Mikono iko mgongoni. Kichwani ana duara la nuru, na uso wake umetulia. Shingoni hakuna kitu. Waite mwenyewe, katika kitabu chake cha maelezo ya karata hizi, alisisitiza kwamba uso huo si wa mtu anayeteseka, na kwamba hapa pana uhai uliosimamishwa, wala si mauti.

Sasa, Kiswahili kikisema mtu amenyongwa, msikilizaji huona shingo na kitanzi, na huona maiti. Mfasiri wetu alitafsiri neno, hakuifasiri picha. Tumlaumu kiasi, maana hata Kiingereza kina lawama yake: umbo lile la kitenzi, kikizungumzia mtu, ni la mnyongwaji, nguo iliyoanikwa ina umbo jingine. Waitaliano, ambao ndio wenye karata hizi kwa asili, humwita L'Appeso, yaani aliyetundikwa, basi. Zamani walimwita pia Msaliti, kwa sababu katika miji ya Italia wasaliti walichorwa ukutani wakiwa wamening'inizwa miguu juu ili waaibike mbele ya watu. Aibu ni jambo moja na kifo ni jingine.

Wako watakaosema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya ya Ulaya. Hapa tunaomba kutofautiana nao. Taroti ilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, ikiwa mchezo wa kawaida wa karata. Kuitumia kwa kuagua kulienea Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Ina karata 78, na kati yake 56 zimegawanyika katika mafungu manne: vikombe, sarafu, fimbo na panga. Msomaji aliyewahi kucheza karata atamke majina yetu: kopa, uru, pau, shupaza. Hayo ni maneno ya Kireno, na kwa Kireno maana zake ni hizo hizo, kikombe, dhahabu, fimbo na upanga. Zile 22 zilizobaki, alimo kijana wetu, Waitaliano waliziita trionfi. Neno hilo kwa njia ya Wareno tunalo: turufu. Mwanafunzi aliyetafuta msamiati kwenye kamusi ya Kiingereza alikuwa nao mdomoni tangu utotoni.

Hata wakubwa wamejikwaa hapa. T. S. Eliot, katika utenzi wake wa mwaka 1922, alimweka mwaguzi anayechota karata na kusema kwamba hamwoni huyu aliyetundikwa. Baadaye Eliot alikiri katika maelezo yake kwamba hakuijua vizuri jozi ya taroti, akaitumia kwa namna ilivyomfaa. Mshairi anaruhusiwa. Anayemshauri mwenzake kuhusu riziki yake haruhusiwi.

Wiki iliyofuata tulirudi darasani na vitenzi vitatu ubaoni. Aliyening'inia: hali tu, mtendaji hayupo, na ushauri unaotokana nayo ni kungoja. Aliyejitundika: kiambishi cha kujirejea kinamfanya mwenyewe awe mtendaji, kwa hiyo ushauri ni kukumbuka kwa nini alipanda mti. Aliyetundikwa: kauli ya kutendwa, na hapo hatuwezi kushauri lolote kabla ya kuuliza, na nani? Picha yenyewe inazikubali zote tatu. Ile ya kunyongwa inaikataa.

Tulitegemea muulizaji achague ya kwanza. Hapa Uganda, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na kupendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na wahitimu wetu wanajua vizuri maana ya kungoja. Lakini yeye alisimama akasema, "Mimi nimetundikwa, mwalimu." Tukamwuliza na nani, tukiwa tayari kuisikia wizara ikitajwa. Akamtaja mjomba. Alisema kwamba hajawahi kumwambia kuwa duka hakulitaka tangu mwanzo, kwa sababu ya karo.

Mfasiri wa kwanza aliomba arudie zoezi, tukamruhusu. Safari hii aliishika karata muda mrefu, kisha akauliza, "Huyo mjomba, ukimwomba mwaka mmoja, atakunyima?" Muulizaji alisema hajui, hajawahi kumwomba. Alisafiri kwenda kwao Jumamosi ile, na amerudi na ahadi ya hadi Desemba.