Kambi ya Mgori na Sisi Tuliochanga



Huenda wewe ni mmoja wa waliochanga. Baada ya sala ya Ijumaa vijana wetu walisimama mlangoni mwa msikiti na kapu, wakasema wataka kuwafungulia watoto wa Kiislamu wa Mgori, huko bara katika mkoa wa Singida, kambi ya mchana kwa muda wa likizo ya Juni: watoto waje asubuhi, wasome, wacheze, wale, kisha warudi kwao. Mimi nilitoa, na nikawahimiza wengine watoe. Kisha nikaalikwa kwenda kuitazama, nikaenda, nikakaa siku sita. Basi haya si maneno ya mtu aliyekaa mbali akatia ila. Ni ya mshirika, na lawama nyingi zilizomo zanirudia mwenyewe.

Tuanze na mazuri. Vijana wale walikuwa na adabu na subira. Watoto walifundishwa kutawadha kwa kutawadha, si kwa kuhifadhi nguzo za udhu peke yake kama tulivyofundishwa sisi, na nilimwona mtoto mdogo akimkumbusha mwenziwe aliyesahau kupaka maji kichwani, na hapana fimbo iliyoinuliwa. Ibn Khaldun alikwisha kutueleza zamani kuwa mwanafunzi anayelelewa kwa ukali hujifunza uongo na hila kabla ya kujifunza somo. Hili vijana wetu wamelifahamu kuliko walimu wengi wa rika langu.

Na la kuwarudisha watoto kwa wazazi wao kila siku ni jema kuliko yote. Serikali ya Tanzania yenyewe, kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2023, iliona haja ya kuzuia watoto wa awali mpaka darasa la nne wasilazwe bwenini. Mtoto mdogo alale kwao.

Sasa tuje kwenye ila. Mbele ya madrasa palitundikwa bango lililoandikwa "Kambi ya Majira ya Joto". Msomaji, mwezi wa Juni Mgori ni baridi na upepo. Watoto waliingia asubuhi wamejifunika mashuka ya mama zao, wakatetemeka chini ya bango la joto. Nilipouliza, nikaambiwa kuwa ndivyo kambi hizi zinavyoitwa. Zinaitwa hivyo wapi? Marekani, ambako Juni mpaka Agosti ndiyo joto lao, shule hufungwa muda mrefu, na wazazi wako kazini.

Na kambi hizo zilianzia wapi? Mwaka 1861 mwalimu mmoja wa huko, Frederick Gunn, aliwachukua wanafunzi wake akaenda nao kupiga mahema nje. Mwaka 1907 Baden-Powell, yule ambaye baadaye alihamia Nyeri nchini Kenya akafia huko mwaka 1941, aliwachukua vijana kama ishirini mpaka kisiwa cha Brownsea huko Uingereza wakalale nje, wawashe moto, wajue nyota na nyayo za wanyama. Shabaha yao ilikuwa kumtoa mtoto wa shule, na hasa wa mjini, ndani ya kuta nne akaione dunia aliyoiumba Mwenyezi Mungu.

Sisi tumefanya nini? Tumewachukua watoto ambao wameizoea dunia hiyo tangu wajue kutembea, tukawatia ndani ya kuta nne, tukawapa karatasi na kalamu za rangi, tukawaambia wapake rangi picha ya mti. Na mti wenyewe ulikuwa wa Ulaya, ule wa kuchongoka juu. Mtoto mmoja aliniuliza, "Babu, huu unaitwaje?" Sikujua kumjibu. Nami nilipomwuliza majina ya miti ya kwao alinitajia mingi mpaka nikapoteza hesabu.

Hapa yafaa nikueleze Mgori ni wapi. Jina hilo lajulikana kwa msitu wake, msitu wa miyombo na mininga wenye zaidi ya hekta 40,000. Katika miaka ya 1990 serikali ilikuwa yaelekea kuuchukua uwe hifadhi yake. Shauri likageuzwa, ulinzi wake ukakabidhiwa vijiji vitano vinavyopakana nao, navyo ni Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga. Kila kijiji kikapewa sehemu yake, vikatunga sheria ndogo, na vijana wa vijiji wakawa ndio walinzi. Watu walikuja kutoka mbali kujifunza jambo hilo. Basi katika mahali palipofundisha wageni, sisi tulikwenda tukafundisha tu, hatukuuliza. Hakuitwa mzee hata mmoja aje awasimulie watoto jinsi walivyoulinda msitu wao. Hakuitwa mrina asali, na Singida yote yasifika kwa asali! Siku moja ilisomeshwa tafsiri ya Suratun-Nahl, sura ya nyuki, na mwalimu akachora nyuki ubaoni kwa chaki, hali mizinga ya magogo imening'inia mitini mwendo mfupi kutoka hapo.

Lakini kubwa zaidi ni la wale wasiokuja. Siku ya pili nilianza kutazama nyuso, nikaona kuwa wengi ni watoto wa wenye maduka na wa watumishi. Watoto wa wakulima na wafugaji wako wapi? Wako shambani. Juni huko ni mavuno. Uwele na mtama vyakatwa, alizeti zapigwa, na mahali ambapo nafaka haijavunwa mtoto hukaa kuamia ndege tangu alfajiri, kwani ndege wakishuka kwa kundi hawaachi kitu. Na ng'ombe hawana likizo. Sisi tulipanga kambi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, saa zile zile ambazo mtoto yule anatakiwa kwao.

Siku ya nne alikuja baba mmoja, akaniamkia kwa heshima, akakaa. Mwanawe wa miaka kumi alikuwa ameacha ndege akaja kambini kwa ajili ya mpira na wali, na sehemu ya uwele ikaliwa. Hakuja kugomba. Alisema, "Sheikh, mimi nataka mwanangu asome dini. Lakini mmemfanya achague baina ya dini na chakula cha nduguze, naye ni mtoto." Nilikaa kimya. Jibu sikuwa nalo.

Najua atatokea msomaji aseme, "Sheikh, wewe watetea kuwatumikisha watoto." La. Mzazi amwachishaye mwanawe shule akachunge amemdhulumu, na hilo nalisema wazi, maana lipo. Lakini likizo si shule. Likizo ndiyo madrasa ya nyumbani, ambamo mtoto hufunzwa na baba na mama riziki yatoka wapi. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa kila Mtume alipata kuchunga wanyama, na Mtume wetu (S.A.W.) aliwachungia watu wa Makka kwa ujira. Kazi waliyoifanya Mitume si ya kuitazama kama kizuizi cha elimu.

Na ama mchezo, Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya kuwa mtoto akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mwema, kwani kumlemeza masomo daima hufisha moyo wake. Kambini mpira ulikuwapo kwa wavulana. Wasichana waliwekwa jikoni kuosha vyombo, na hilo halikuandikwa katika ratiba yoyote.

Kosa hili si la vijana. Wao walichukua ratiba ya kambi za mjini kwetu wakaibeba kama ilivyo, zaidi ya kilomita 600 kutoka pwani. Kwetu yafaa, maana watoto wetu wa siku hizi hawaendi shamba wala baharini, na likizo huwaishia mbele ya televisheni na simu. Wao ndio wahitaji wa kambi. Mmoja wa walimu wetu hakuweza kutofautisha uwele na mtama, mpaka wanafunzi wake wakamcheka. Laiti tungewapeleka wanetu Mgori wakae na wenzao, nadhani mchango wetu ungezaa zaidi.

Nimepata barua kuwa kambi itafanywa tena likizo ya Disemba, nasi twatakiwa tuchange. Disemba huko mvua huwa imekwisha kunyesha, na watu wako shambani kulima na kupanda. Nimewajibu kuwa nitatoa, ila kwanza waende kwa wazee wa Mgori wawaulize ni saa ngapi mtoto hana kazi, baina ya Alasiri na Isha au siku gani ya juma. Waulize pia ni nani huko awezaye kufundisha. Na ratiba hiyo waniletee niione. Mpaka naandika haya sijajibiwa.