Jinsi Nyumba Isiyokuwepo Inavyokodishwa Diani

Desemba ikikaribia, watu wa Nairobi huanza kusaka nyumba za siku chache huko Diani, na matapeli nao huingia kazini. Kazi yao haidai utaalamu wa kompyuta. Inataka picha nane nzuri, laini ya simu na msafiri mwenye haraka.

Tuanze na mahali pesa zinapolala. Ukilipa ndani ya Airbnb, mwenye nyumba hapati kitu siku hiyo. Kampuni hukaa na hela, kisha humlipa takribani saa 24 baada ya muda uliopangwa wa mgeni kuingia. Mgeni akikuta mlango umefungwa, au nyumba nyingine kabisa, ana pa kulalamikia na hela zake bado ziko kwa mtu wa tatu. Tapeli analijua hilo vizuri kuliko wateja wengi. Ndiyo maana juhudi zake zote, kuanzia salamu ya kwanza, zina lengo moja: kukutoa humo ndani.

Na anakutoa kwa utamu. Ukiulizia tarehe, unajibiwa upesi na kwa adabu: "Dada, siku hizo ziko wazi, ila huko wanakata kamisheni. Nitumie nusu kwa M-Pesa nikupunguzie elfu tano. Kuna familia nyingine pia inaitaka." Punguzo linakupa sababu ya kutoka, nusu ya bei inaonekana hasara ndogo, na hiyo familia nyingine inakunyima usiku wa kufikiri. Tuwe wa haki: wenye nyumba wa kweli nao hawaipendi kamisheni, kwa hiyo ombi peke yake halimfanyi mtu kuwa mwizi. Lakini ukilikubali, mtu wa tatu hayupo tena.

M-Pesa, tangu ilipoanza Kenya mwaka 2007, imejengwa ili hela zifike papo hapo. Kabla hazijaondoka huonyeshwa jina la anayepokea, na wengi hulipita bila kulisoma. Ikiwa umekuwa ukizungumza na mwanamke na jina linalotokea ni la mwanamume, utaambiwa ni la mtunza nyumba. Huenda ni kweli. Usitume mpaka uhakikishe. Kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 ni njia ya kuomba hela zirudishwe, ila tapeli hangoji. Ukija kushtuka, ameshazitoa kwa wakala.

Picha ndiyo sehemu inayonivutia zaidi, kwa sababu hapo tapeli hujianika mwenyewe. Nyingi huibwa kwenye matangazo ya hoteli au ya nyumba zinazouzwa nchi nyingine. Ipitishe kila picha kwenye Google Lens, si ile ya kwanza tu. Kisha ikuze utazame ukutani. Soketi za Kenya na Tanzania huchukua plagi ya pini tatu bapa. Ukiona matundu mawili ya duara kando ya kitanda, chumba hicho kina uwezekano mkubwa wa kuwa Ulaya. Halafu soma maneno ya tangazo pamoja na ramani. Ufukwe wa Diani unatazama mashariki: jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya nyumba, upande wa bara. Picha yenyewe inaweza kuwa ya alfajiri, lakini anayekuahidi machweo juu ya maji ukiwa barazani Diani hajawahi kukaa hapo. Machweo ya namna hiyo utayapata Kendwa, kaskazini-magharibi mwa Unguja. Paje na Jambiani, upande wa mashariki wa kisiwa hicho, hutayapata, na huko bahari ikipwa utatembea sana kabla maji hayajafika magotini.

"Hatua chache kutoka ufukweni" nayo ni ya kuhojiwa. Diani kuna viwanja vinavyogusa mchanga na vingine vilivyo ng'ambo ya barabara, na baina ya hivyo vya pili na bahari kuna kuta za watu. Kabla hujalipa, ramani ya Airbnb kwa kawaida hukupa eneo tu, si anwani kamili, kwa hiyo uliza unapita njia gani ya umma kufika majini na iko karibu na hoteli ipi. Kisha omba simu ya video, si video iliyorekodiwa. Mwambie aanzie getini, aingie, afungue bomba la jikoni. Tapeli atakuwa na mtandao mbovu siku hiyo. Mwenye nyumba wa kweli atakufungulia, nawe umuulize kama maji ni ya kisima cha chumvi na tokeni za umeme ananunua nani.

Na ujumbe kufika ndani ya programu si kinga kamili. Mwaka 2023 wahalifu waliingia katika akaunti za hoteli zilizo kwenye Booking.com, wakawaandikia wageni humo humo, wakitaja tarehe zao halisi na kuwapa kiungo cha "kuthibitisha kadi". Mazungumzo yalikuwa ya kweli. Ukurasa wa malipo ndio uliokuwa bandia. Usifuate kiungo. Fungua oda yako mwenyewe uone kama kweli kuna deni.

Kenya, nyumba za namna hii ziko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, kwa Sheria ya Utalii ya 2011. Kuomba kuona leseni si utovu wa adabu.

Ukifika na nyumba siyo uliyoonyeshwa, usifungue sanduku kwanza. Piga picha na uandike malalamiko ndani ya programu siku hiyo hiyo, kwa maana Airbnb hukupa saa 72 tu tangu ulipogundua kasoro.