Hesabu Iliyopata Sauti

Miongoni mwa sanaa ambazo hazijasifiwa kwa kadiri zinavyostahili, naihesabu ile ya kuigeuza tarakimu ya maradhi iwe kitu cha kuonekana kwa jicho na kusikika kwa sikio. Maana tarakimu iliyolala daftarini mwa tabibu, hata iwe kubwa namna gani, haimtoi mtu usingizini. Wahenga wa pwani waliijua siri hiyo, ndipo wakasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo: pembe haitaji idadi, lakini aisikiaye huliweka jembe chini.

Mwaka 1854, kipindupindu kilipowafyeka watu wa London, tabibu John Snow alichora ramani ya mtaa, akatia kijistari cheusi kwa kila aliyefariki, na vijistari vikarundikana kandokando ya pampu ya maji ya Broad Street. Kwa insafu niseme kwamba ramani ilichapishwa baada ya mpini wa pampu kwisha kung'olewa. Picha, kama shahidi, mara nyingine hufika hukumu imekwisha kutolewa.

Kwetu Tanzania sauti ilitangulia. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, chini ya viongozi wapatao 75,000, wajifunze kuhusu malaria, kuhara damu, kichocho na maradhi mengineyo. Hapa Singida, penye majabali na matembe ya udongo, wazee hunisimulia jinsi redio moja iliyotiwa mawe mapya ilivyowekwa juu ya kigoda chini ya mkwaju, watu wakaizunguka kama wanaomsikiliza mgeni mwenye habari ya msiba. Kisha kijitabu cha kampeni kikasomwa kwa sauti, na picha zake zikapita mkono kwa mkono hata kwa wasiojua kusoma.

Mafundi wa leo, wanaotafsiri idadi ya wagonjwa kwa muziki wa kompyuta, nawaheshimu, ila nawaonya: wakitia kinanda kitamu mno, watu watacheza. Mimi ningechagua ngoma moja, pigo moja kwa kila mgonjwa, bila kupambwa, hata sikio lichoke na moyo uanze kuhesabu wenyewe.

Chini ya mkwaju ule nako swali lilikuwa la kuhesabu: katika nyumba zetu, ngapi zina choo? Wakahesabu kwa vidole, wakatazamana. Redio ilipozimwa, likasikika jembe.