Hati za Hans Cory na Mila za Wasukuma

Katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yamehifadhiwa maandishi ya marehemu Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika Serikali ya Tanganyika, na aliyefariki mwaka 1962. Bwana Cory alikuwa mzaliwa wa Vienna, na jina lake la kwanza lilikuwa Koritschoner. Kwa jina hilo alitoa mwaka 1936 makala yake juu ya ngoma ya sheitani na jinsi inavyotumiwa kutibu maradhi ya nafsi. Baadaye kazi yake ikawa na pande mbili: kuchunguza desturi za watu, na kuishauri Serikali juu ya watu wale wale. Nia yangu hapa ni kuuliza swali moja tu: maandishi ya mtu mwenye kazi mbili za namna hii yasomwe vipi?

Kwanza hatuna budi kumpa haki yake. Mwaka 1946 aliandika juu ya Bayeye, wale wacheza nyoka wa Usukuma, na mwaka 1953 juu ya michoro yao ya ukutani. Kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya sanamu zinazotumika katika mafundisho ya unyago kingali chatumiwa na wachunguzi. Nasi wa Kiswahili tuna deni letu kwake, maana mwaka 1958 alitoa huko Mwanza mkusanyiko uitwao Sikilizeni Mashairi, wakati ambapo wengi walidhani kwamba ushairi wa Kiswahili hauvuki pwani. Mtu wa Shinyanga au wa Geita akitaka kujua baraza la ntemi lilivyokaa, kazi za banangwa, heshima ya banamhala na mamlaka ya basumba batale juu ya vijana wa kijiji, atapata kwa Cory mambo ambayo wengine hawakujali kuyaandika.

Hata hivyo, kitabu kilichokuwa na nguvu kuliko vyote si cha sanamu wala cha mashairi. Ni kile cha sheria na desturi za Wasukuma, kilichotoka mwaka 1953. Humo maneno ya wazee yamepangwa kwa aya zenye nambari, kama ilivyo katika kitabu cha hakimu. Mshairi wa Kiswahili kwa desturi hujitaja katika beti za mwisho, nasi twajua ni nani anayesema na kwa nini. Mzee aliyeulizwa juu ya urithi hana beti ya mwisho. Maneno yake yametiwa nambari, na tangu hapo yamekuwa maneno ya kabila zima.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kusimama. Nitoe mfano wangu mwenyewe. Mzee akiulizwa kwa Kiswahili mjane huishi vipi, aweza kujibu, «Mjane hutunzwa na wanawe.» Kiambishi hu- chaeleza mazoea. Hakitaji wakati, wala hakichukui kiambishi cha nafsi au cha ngeli. Tena hakina ukanushi wake chenyewe, hata hakimlazimishi msemaji kumfikiria mjane asiyetunzwa. Jibu kama hili laacha mlango wazi. Msikilizaji aweza kuendelea: je, kama watoto ni wadogo? Kama hakuzaa? Kama wanawe wamemkana? Naye mzee atajibu kila swali kwa kukumbuka shauri fulani la mtu fulani.

Jibu hilo likiandikwa kwa Kiingereza katika aya yenye nambari, maswali yale yote hukatika. Kitenzi cha Kiingereza cha wakati uliopo chaweza kueleza mazoea, na chaweza pia kuweka kanuni. Msomaji ndiye achaguaye. Hakimu, kwa kuwa ni hakimu, huchagua kanuni. Hivyo «hutunzwa» hugeuka kuwa «fungu lake ni kutunzwa, wala hana jingine.»

Wala si dhana tupu. Kabla ya kufa kwake Cory alikuwa ameanza kazi ya kuunganisha sheria za mila za wilaya mbalimbali, na kazi hiyo ikazaa matangazo ya sheria za mila ya mwaka 1963. Katika tangazo la urithi imo kanuni isemayo kwamba mjane hana fungu ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Sentensi iliyokuwa ya faraja imekuwa mlango wa kumtoa nje.

Yafaa kukumbuka pia kwamba mwaka huo huo wa 1963 utawala wa watemi ulikomeshwa. Zamani mila ilikuwa na baraza lake la kuipima, kuilegeza na kuibadili. Baraza liliondolewa, na maneno yake yakabaki yameandikwa. Ni kama kuweka majibu na kumfukuza mwenye kuulizwa.

Wasukuma wenyewe hawakuwa wamekaa mahali pamoja wakingoja kuandikwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili wengi walihama na ng'ombe wao, wakavuka kwenda Geita katika nchi ya Wazinza, ambako migodi ya dhahabu ilikuwa imekwisha vuta watu wa mshahara. Huko Shinyanga nako almasi za Mwadui, zilizogunduliwa mwaka 1940, zilileta mishahara na majirani wapya. Desturi iliyosafiri hivyo hubadilika njiani. Mwaka 1954 Cory alitoa kitabu cha utawala wa jadi wa Wasukuma pamoja na mashauri ya kuurekebisha. Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa kabisa baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko walilowekewa, na maelfu wakaandamana mpaka Mwanza. Sisemi kwamba baraza lile lilikuwa wazo la Cory. Nasema kwamba elimu ya namna ile, hata ikiwa kubwa, haikuwa sawa na kuwauliza wenyewe.

Madhara ya mwaka 1963 yameonekana mahakamani. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu huko Mwanza, alimpa haki mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, akasema kwamba kanuni ya kumzuia yapingana na Katiba. Lakini wajane wawili waliotawaliwa na mila za Kisukuma walipokwenda mahakamani, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba kanuni zile ni za ubaguzi, kisha ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba wajane hao walivunjiwa haki zao.

Wako watakaosema kwamba namlaumu mtu kwa kosa la wengine: Cory alikusanya, Serikali ndiyo iliyotunga sheria, na nchi changa ilihitaji sheria moja badala ya mia. Hoja hii ina uzito, nami sikatai kwamba bila yeye tungekuwa maskini zaidi. Lakini yeye hakuwa mkusanyaji tu. Alijua kwamba Serikali yangoja jibu, naye alipanga maneno ya wazee kwa sura ya jibu. Na waliokaa barazani kumjibu walikuwa hasa wanaume.

Husemwa kwamba mwacha mila ni mtumwa. Na iwe hivyo. Lakini kwanza tujue mila ni ipi, na ni nani aliyeitamka. Kwa hiyo naomba wanafunzi wetu wajuao Kisukuma wazisome upya hati hizi, si kama kanuni bali kama mazungumzo. Kila aya iulizwe: msemaji ni nani, ni wa Shinyanga au wa Geita, alisema kwa lugha gani, na juu ya shauri la nani? Kisha waende kwa wajane wa huko wakawaulize wao jambo lile lile, na majibu yao yawekwe katika maktaba ile ile, kando ya hati za Bwana Cory.